Sosholojia isingoje chuo kikuu

Januari 2025 Zambia ilianza kutekeleza mtaala mpya wa shule, wenye kidato cha tano na cha sita kabla ya chuo kikuu. Mwanafunzi aliyeingia kidato cha kwanza mwaka huo, asipokwama njiani, atafika kidato cha tano mwaka 2029. Wazazi wa Nchelenge, Kashikishi na vijiji vya ufukwe wa Ziwa Mweru wana muda mfupi wa kusema ni masomo gani wanataka yafundishwe karibu nao. Sisi tunapendekeza moja ambalo wafanyabiashara wengi hawalifikirii, nalo ni sosholojia.

Tunajua swali litakalofuata. Mama anayeuza dagaa atauliza kama somo hilo litamlisha mwanawe. Ni swali la haki. Mtoto anahitaji hesabu na sayansi, na hatusemi ziondolewe. Lakini tuitazame biashara yenyewe.

Anayenunua dagaa Kashikishi na kuwapeleka Copperbelt, au anayevuka ziwa kwenda Kilwa, mji wa Kongo ng'ambo ya pili, hapigi hesabu ya magunia tu. Anapima nani wa kukopeshwa na nani atalipa. Anajua ukoo gani una neno katika soko lipi, lini azungumze Kibemba na lini Kiswahili, na nyumbani nani anashika fedha. Kuyachunguza mambo hayo kwa utaratibu, kwa kuuliza nani ana nguvu, nani hana na kwa nini, ndiyo sosholojia.

Ufukwe huu si mgeni kwa watafiti. Mwaka 1959 Ian Cunnison alichapisha kitabu kuhusu watu wa Luapula, kazi iliyotokana na Taasisi ya Rhodes-Livingstone iliyoanzishwa mwaka 1937. Mwaka 2006 David Gordon akatoa kingine kuhusu historia ya uvuvi wa eneo hili. Vyote ni vya Kiingereza, na wasomaji wake wengi wako vyuoni. Mtoto wa Nchelenge anayeishia kidato cha sita anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba maisha ya bibi yake yaliwahi kuandikwa.

Chukua kisa cha mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Enzi za ukoloni wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga walinunua samaki wa huku kwa ajili ya walaji wa migodini Katanga. Nyavu ziliongezeka, samaki wenye mayai wakavuliwa, na uvuvi wa mpumbu ukaporomoka. Mtaalamu wa samaki atatueleza habari za mazalia. Sosholojia itauliza nani alifaidika, nani alipoteza, na nani hakusikilizwa. Maswali hayo hayo hurudi kila inapofika marufuku ya uvuvi ya Desemba hadi Februari.

Lipo pia jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona. Ziwa Victoria upande wa Kenya huitwa jaboya: mwanamke kutakiwa atoe mwili ndipo auziwe samaki. Watafiti wameliandika pia katika Kafue Flats, hapa hapa Zambia. Msichana aliyejifunza darasani kwamba mzizi wake ni mtaji na umiliki wa nyavu hatakubali kuambiwa kwamba ni tabia mbaya ya wanawake. Atajua pia kwamba dawa mojawapo ni wanawake kumiliki nyavu na mitumbwi.

Somo hili lina hatari yake. Likifundishwa kwa kukariri majina ya Durkheim na Weber, halitamsaidia mtu. Tunashauri Wizara ya Elimu ipeleke walimu waliosomea fani hii hadi shule za kando ya ziwa, si za mijini tu. Tunashauri kila mwanafunzi afanye utafiti mdogo sokoni: ahoji, ahesabu, aandike, kisha awasomee wauzaji alichokiona ili wamsahihishe. Nanyi wafanyabiashara mnapaswa kuwafungulia vijana hao milango, muwaeleze bei na madeni yenu bila kuwaona wapelelezi.

Zambia na Kongo zote ni wanachama wa SADC, jumuiya iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Kanuni za mipaka yetu zitaendelea kuandikwa, na mara nyingi mwandishi wake ni mtu aliyesoma. Vijana wa Nchelenge na wenzao wa Kilwa wakijua kuichunguza jamii yao na kuieleza kwa ushahidi, muuza dagaa atakuwa na mtu wake kwenye meza hiyo. Asiyekuwapo hupangiwa fungu na wengine.