Seli Shina: Tuulize Kabla ya Kuuza Shamba

Mfa maji haachi kutapatapa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba maradhi yake hayana dawa ya kuyamaliza hushika chochote anachonyoshewa. Kwa sababu hiyo, nawaomba walimu na wanafunzi wayapime kwa makini maneno mawili yanayovuma siku hizi: seli shina.

Maradhi ya maltipo sklerosisi, ambayo madaktari huyaita MS kwa ufupi, hutokea pale kinga ya mwili inapoasi na kuushambulia utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa huweza kufifia macho, kufa ganzi au kuishiwa nguvu za miguu.

Katika tiba ninayoizungumzia, seli shina zinazozaa damu huchotwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe na kuhifadhiwa. Kisha yeye hupewa dawa kali za saratani ili kuifagia ile kinga iliyoasi, ndipo seli zake zikarudishwa mwilini. Wengi hudhani kwamba seli hizo ndizo zinazoziponya neva. La hasha! Kazi kubwa hufanywa na dawa. Seli huja kumnusuru mgonjwa asibaki bila damu wala kinga.

Manufaa yake si porojo. Mwaka 2019, Dkt Richard Burt wa Chicago na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 110 ambao maradhi yao yalikuwa ya kurudiarudia. Nusu yao walipewa tiba hii, na nusu wakatumia dawa nyingine za MS. Hali ilizorota kwa watu 3 tu katika kundi la kwanza, na 34 katika la pili.

Hata hivyo, gharama yake si ya fedha pekee. Katika utafiti wa Ottawa, Kanada, uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 23 kati ya 24 hawakushambuliwa tena na maradhi katika muda waliofuatiliwa. Yule mmoja aliuawa na tiba yenyewe. Isitoshe, neva iliyokwisha kufa haifufuki.

Hapo ndipo walaghai wanapopenyeza. Wao hudunga sindano ya chembe wasizozieleza, wakadai kwamba inaponya MS, kisukari na goti, na kuiita kwa jina lile lile. Nasi Wakenya, kwa huruma yetu, huwa wepesi wa kuitisha harambee ili mgonjwa apelekwe ng'ambo.

Nashauri kwamba somo la seli lisiishie kwenye michoro ubaoni. Mwalimu na awazoeze wanafunzi kuuliza: Seli hizi zimetoka wapi? Ni dawa gani inayotangulia? Waliotibiwa walilinganishwa na nani? Wangapi walikufa? Kijana aliyezoea kuuliza hayo darasani atamwuliza mwuza sindano, kabla jamaa zake hawajauza shamba.