Ugumu wa Mtu wa Bara na Ramani ya Maumivu

Yasemwa, wala hawasemi wageni peke yao, kwamba mtu wa bara ni mgumu wa maumivu. Mrina asali wa Inyonga, yasemwa, huumwa na nyuki mti mzima akashuka anacheka; mama wa Mpanda hujifungua kimya. Maneno haya yamevaa joho la sifa, lakini ndani yake mna hukumu. Mtu akisha kuitwa mgumu, hapana tena amwulizaye kama usiku alipata usingizi. Mwenye saratani ya mifupa hupewa kidonge cha homa, na asipolia huhesabiwa kuwa amepona maumivu.

Hoja hiyo yapasa kupelekwa mbele ya elimu ya mwili, maana huko ndiko inakodai kuwa imetoka.

Afyuni ilijulikana kwa maelfu ya miaka kabla mtu hajauliza kwa nini utomvu wa ua utulize ubongo wa mwanadamu. Mwaka 1973 maabara za Marekani na Sweden zilionyesha kwamba ubongoni mna mahali maalumu ambapo mofini hukaa, kama ufunguo katika kufuli lake. Mwili haukuumbiwa kufuli kwa ajili ya ua. Basi ulikuwa na ufunguo wake wenyewe. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, katika mji wa Aberdeen, Uskochi, waliupata katika bongo za nguruwe: peptidi mbili ndogo, kila moja ya asidi amino tano tu, zikaitwa enkefalini. Endofini na dainofini zikafuata.

Kupata kitu ni jambo moja, kujua kinakaa wapi ni jingine. Hapo ilisaidia kazi ya Albert Coons wa Harvard, ambaye mwaka 1941 alifaulu kuifunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili. Kazi yenyewe yataka subira ya mfuma mikeka. Enkefalini ni ndogo mno hata mwili wa sungura hauishughulikii. Kwa hiyo hufungwa katika protini kubwa, kisha sungura akadungwa. Damu yake hutengeneza kingamwili zinazoijua enkefalini. Ubongo wa panya hukatwa vipande vyembamba sana, maji ya damu ya sungura yakamwagwa juu yake, na kingamwili ya pili yenye rangi ikafuata kuishika ile ya kwanza. Chini ya hadubini, katika mwanga uliochaguliwa, kila penye enkefalini hung'aa kijani katika giza. Tomas Hökfelt na wenzake wa Stockholm walichora kwa njia hiyo, mwaka 1976 na 1977, ramani iliyowashangaza wengi. Nyuzi zenye enkefalini zilisongamana katika pembe ya nyuma ya uti wa mgongo, palepale habari za maumivu zinapoingilia kutoka mwilini, na tena katikati ya ubongo, kandokando ya mfereji wake mwembamba. Mwili umeweka walinzi mlangoni.

Ni haki kukiri udhaifu wa njia hii. Kingamwili yaweza kudanganyika: enkefalini mbili zimetofautiana kwa asidi amino moja tu, na kinachong'aa chaweza kuwa jirani yake. Ndiyo sababu wataalamu waangalifu huandika kwamba wameona kitu kinachofanana na enkefalini, na huijaribu seramu kwa kuichanganya kwanza na enkefalini yenyewe. Mng'ao usipotoweka, ramani hutupwa. Laiti wasemao habari za ugumu wa makabila wangejaribu maneno yao kwa ukali nusu ya huo!

Mpinzani atasema kwamba hiyo ni ramani ya panya wa Ulaya. La. Enkefalini zilionekana vilevile katika miili ya binadamu waliokufa, na tabaka lile la uti wa mgongo kila mtu analo, awe Mpimbwe, Mbende au Mskochi.

Na kwa kuwa Mskochi ametajwa, David Livingstone afaa kuitwa shahidi. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimkamata begani akamtikisa na kuvunja mfupa wa mkono wake. Baadaye aliandika kwamba wakati ule hakusikia maumivu wala hofu, alikuwa kama mtu aliye ndotoni. Ndiye huyo aliyetembea nchi hizi za mashariki ya Ziwa Tanganyika mwaka 1872. Hapana aliyesema kwamba Waskochi ni wagumu kwa kabila lao. Hatari ya ghafula huamsha kinga ya mwili, na opioidi za ndani zimo katika kinga hiyo, kwa mrina asali kama kwa mmisionari. Lakini kinga hiyo ni ya saa chache, si ya saratani ya miezi minane. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wapo wapinzani wa namna ya pili, ambao hawasemi ugumu. Wao husema hofu. Mofini, wasema, ni dawa ya kulevya, na serikali inapigana nayo. Wasome basi mkataba wa dunia wa mwaka 1961 juu ya dawa hizo: dibaji yake yenyewe yakiri kwamba matumizi yake ya tiba hayana budi kuendelea ili kupunguza maumivu. Uganda ilisoma vizuri. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilitumia unga wa mofini uliokorogwa kwa maji, dawa ya kunywa, rahisi kwa bei. Na mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliofundishwa kazi hiyo kuiandika wenyewe. Dawa ikafuata wagonjwa vijijini.

Haya si mambo madogo. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1.

Karema, kando ya ziwa, ilikuwa na Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akasomea udaktari Malta, akawatibu watu wa pwani ile tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Yeye hakungoja mgonjwa aje mji mkuu. Kutoka Mpanda mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli, kupitia Kaliua na Tabora. Mofini ya kunywa hutulia mwilini kwa muda wa saa nne hivi, kisha yataka kunywewa tena. Anayemwambia mgonjwa wa Mishamo aifuate huko na aeleze atainywa wapi dozi ya pili.