Daktari Mwanagenzi Si Kibarua

Daktari kijana wa Kenya akitoka chuoni hana budi kutumikia hospitali mwaka mzima ndipo aandikishwe. Mkataba wa 2017 ulimpa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ikataka kumpa 70,000! Madaktari wakagoma siku 56, na hata hivyo ni Desemba ndipo Serikali ilipokubali kiasi kile cha mkataba.

Twafurahi. Lakini sisi tuliosomea ualimu, tulipopelekwa kufundisha kwa majaribio, mkufunzi alikaa nyuma ya darasa (na kalamu yake nyekundu ilitutoa jasho). Je, kijana huyu zamu ya usiku, nani yu nyuma yake? Twataka daktari mkubwa awepo wodini, si kutafutwa kwa simu mgonjwa akizidiwa.