SI PUMZI ZA BINTI, NI MDOMO WA BATA!

Leo nawapumzisha na stori za bumu na foleni ya kafeteria. Kuna kitu kimenikaa kooni tangu nirudi kutoka nyumbani, na nisipokitoa hata hii test ya Jumatano sitaisoma.

Kitu chenyewe ni saksafoni, ambayo wapenzi wa dansi wanaiita domo la bata. Hasa zile za sauti nzito, tenori na baritoni. Kwetu Karagwe na Kyerwa (zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, kwangu mimi bado ni nyumbani pamoja) nilikaa na bendi moja ya vijana, nikasikia fikra mbili. Ya kwanza, kwamba baritoni ni ya wanaume, msichana hana pumzi. Ya pili, kwamba mausipisi ya chuma yenye jina kubwa ni bora kuliko zote, kwa hiyo msimu wa kahawa ukiisha watu wachangishane inunuliwe. Jamani, hizo fikra ni mapacha. Zote zimezaliwa na uvivu wa kupima.

Kwa wale ambao hawajawahi kuigusa: mausipisi ni kile kipande unachotia mdomoni. Chini yake inafungwa ridi, kijibao chembamba cha tete, kwa pete ya kubania. Ukipuliza, ridi inatetemeka, na hewa iliyomo kwenye bomba inatetemeka nayo. Kati ya ncha ya ridi na ncha ya mausipisi kuna uwazi mdogo. Uwazi huo ndio unaoamua utatoa jasho kiasi gani. Chukua Otto Link za tenori: namba 5* ina uwazi wa milimita 2.16 hivi, namba 7* ina milimita 2.67. Tofauti ni nusu milimita, nyembamba kuliko laini ya simu! Lakini weka ridi ileile ngumu kwenye zote mbili, halafu mpe mtoto anayeanza. Kwenye ya kwanza atapiga. Kwenye ya pili atatoa upepo mtupu na mishipa ya shingo.

Halafu kuna chumba cha ndani. Kikiwa kipana na cha mviringo, sauti inakuwa nene na tulivu. Kikiwa chembamba, na dari yake imeshuka karibu na ridi, sauti inakuwa kali, inachana, inasikika mpaka nje ya uzio wa harusi. Hakuna iliyo mbaya. Ya kuchana inafaa uwanjani, ile nene inafaa kushikilia kwaya isiyumbe. Na umbo hilo la ndani lina kazi kubwa kuliko malighafi. Chuma au ebonaiti, ukichonga ndani vibaya umechonga vibaya tu.

Sasa tuje kwa binti. Yuko kidato cha tatu. Alipewa baritoni yenye mausipisi ya chuma, uwazi mkubwa, na ridi namba 3½ kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Noti za chini zikagoma. Baada ya wiki mbili akaambiwa aende kwenye matoazi. Akaja mvulana, mausipisi ileile, ridi ileile, noti zilezile zikagoma. Unajua aliambiwa nini? "Utazoea." Mvulana akishindwa anapewa muda, msichana akishindwa anapewa matoazi. Hapo ndipo niliposhika kichwa.

Siku moja mazoezi yalipoisha, binti akafunga mausipisi ya zamani ya ebonaiti iliyokuwa chini ya sanduku, na ridi namba 2. Noti ya chini kabisa ikatoka, ya kwanza ikikwaruza, ya pili imenyooka. Kwa haki kabisa, siwezi kuwaambia kama ni mausipisi au ni ridi iliyomsaidia, maana vilibadilishwa vyote viwili kwa pamoja. Lakini mapafu yake hayakubadilika ndani ya dakika tano!

Na hili la pumzi wazee wetu wangetucheka. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861 walikuta bendi ya wapulizaji na ngoma. Ukiziangalia makondere, kondere refu ndilo lenye sauti nzito, fupi lina sauti nyembamba, na wimbo unatokea kwa kupokezana. Uzito wa sauti unatoka kwenye urefu wa bomba. Hautoki kwenye upana wa kifua cha mpulizaji. Ndiyo maana Les Amazones de Guinée, bendi ya wanawake wa jeshi la jandamaria la Guinea iliyoanzishwa mwaka 1961, walipiga magitaa, ngoma na saksafoni, na hakuna aliyekwenda kuwapima mbavu.

Wengine watasema, "Tunataka sauti kama ya Moses Matovu wa Afrigo." Safi, hata mimi namfagilia. Lakini Afrigo ilianza mwaka 1975. Miaka yote hiyo ya kupuliza haiuzwi ndani ya kiboksi.

Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mtihani ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo haujapima chochote. Basi, waitu, wakuu wa bendi, kwa heshima zote, fanyeni hivi. Kwanza, usiku zimeni taa, ingizeni kitochi ndani ya saksafoni, fungeni vifuniko vyote. Mwanga ukipenya pembeni ya pedi, hewa nayo inapenya, na noti za chini zitagoma hata apulize nani. Pili, mkishaziba, linganisheni mausipisi kwa saksafoni moja, chumba kimoja, wasikilizaji wakiwa wamegeuka. Raundi ya kwanza ridi moja kwa zote. Raundi ya pili kila mausipisi na ridi inayoifaa, kwa sababu yenye uwazi mkubwa kwa kawaida hutaka ridi laini zaidi. Pigeni noti ya chini kabisa, tena polepole, kwa sababu kelele inaficha mengi. Tatu, wapige wote, wavulana na wasichana, siku tatu, na matokeo yaandikwe.

Mkimaliza, kama ile ya chuma ya laki kadhaa itashinda, inunueni, mimi nitachangia kwenye bumu langu. Lakini nina wasiwasi kwamba boksi la ridi laini na pedi mpya vitamaliza ugomvi wote, na chenji itabaki.

Na yule binti arudishiwe baritoni yake kabla ya upimaji huo, asisubiri mpaka baada yake. Yule mvulana hakuombwa cheti cha pumzi, na yeye asiombwe.

Nawasilisha.