Maabara ya Kemia na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Kila mwaka, kozi ya utangulizi ya kemia inapoanza vyuoni, husikika swali lile lile: "Mimi naandaliwa kufundisha watoto wa darasa la nne. Neli za majaribio na taa ya Bunsen zanihusu nini?" Wako wakufunzi wanaolichukulia swali hili kuwa dalili ya uvivu. Sisi hatuoni hivyo. Ni swali la haki, na lisipojibiwa, mwanachuo huiona maabara kuwa kizuizi cha kuvukwa kabla ya mtihani, huvuka, akasahau.

Maoni yetu ni kwamba saa za maabara ndizo sehemu ya kozi hiyo inayomfaa zaidi mwalimu wa shule ya msingi, kuliko hata mihadhara yenyewe. Lakini zinamfaa kwa masharti mawili. La kwanza, afanye jaribio kwa mikono yake mwenyewe. La pili, aandike alichokiona, si alichotarajiwa kukiona. Ili hoja isibaki hewani, na tuipime mahali ambapo baadhi ya wasomaji wetu watapangiwa kazi, yaani Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe.

Kemia ya mwaloni

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, lakini dhahabu ya ukanda wa Lupa, ambamo Mkwajuni imo, imechimbwa tangu miaka ya 1920. Watoto wengi wa huko huyajua maneno duara, karasha na mwalo kabla ya kuzijua herufi.

Katika uchimbaji mdogo, mawe yatokayo duarani husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa mwaloni, kisha hutiwa zebaki. Zebaki ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida, na uzito wake ni mara 13.6 ya maji ya ujazo ule ule. Huishika dhahabu, vitu hivyo viwili vikawa donge moja lenye rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo zebaki huondoka kwa mvuke na dhahabu hubaki. Hii ni kemia halisi, nayo hufanywa na watu ambao pengine hawakupata kulisikia jina la somo hilo.

Mvuke ule hauna rangi wala harufu. Ukivutwa huingia mapafuni, ukapita kwenye damu, ukadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtoto mdogo, na yule aliye bado tumboni mwa mama yake, ndio wadhurikao zaidi. Sehemu ya mvuke hupoa ikatua kwenye kuta, kwenye udongo na kwenye vyombo. Hatari huwa kubwa zaidi pale donge linapochomwa jikoni, karibu na chakula na watoto.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 2013, na jina lake ni la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga ghubani maji machafu yenye zebaki. Sumu ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikawaingia watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Serikali ya nchi ile ilitamka rasmi chanzo chake mwaka 1968. Ilichukua miaka 12, katika nchi yenye vyuo vikuu na maabara nyingi. Sumu isiyoonekana haijitangazi yenyewe. Yahitaji watu waliozoea kutafuta ushahidi.

Sasa tujiulize: mtoto wa Mkwajuni atakayeacha masomo baada ya shule ya msingi atafundishwa haya na nani? Huenda asikutane kamwe na mwalimu wa kemia wa sekondari. Mwalimu wake wa kemia, wa kwanza na wa mwisho, ni wewe, ndugu mwanachuo.

Kukeneka maji

Mojawapo ya mazoezi ya mwanzo ya maabara ni kukeneka maji ya chumvi. Maji huchemshwa katika chupa, mvuke hupita katika bomba linalopozwa kwa maji baridi, na upande wa pili hudondoka maji safi. Chumvi hubaki chupani. Maelezo yake katika kitabu hayazidi mistari mitano, na mwanachuo aweza kuyakariri kwa dakika kumi.

Lakini aliyelifanya jaribio kwa mikono yake anajua mambo ambayo mistari ile haisemi. Ameona kwamba maji ya kupozea yakikatika, matone hupungua na mvuke hutorokea hewani. Ameona kwamba kiungo kilicholegea hupitisha mvuke. Amejifunza kungoja chombo kipoe kabla ya kukigusa.

Ritoti ya wachimbaji ni jaribio hilo hilo katika chombo cha chuma. Donge huwekwa ndani, chombo hufungwa barabara, na mvuke wa zebaki hupita katika bomba, hupoa, ukarudi kuwa zebaki inayoweza kukusanywa. Mwalimu aliyekeneka maji ataelewa, bila kuambiwa, kwa nini ritoti isiyofungwa vizuri ni hatari, na kwa nini isifunguliwe ingali na moto. Ataelewa pia kwamba ritoti hupunguza madhara tu, wala haiifanyi zebaki kuwa kitu salama.

Darasani hahitaji vioo. Sufuria ya maji yanayochemka, aishikayo mwalimu mwenyewe, na mfuniko wa baridi vyatosha. Wanafunzi watayaona matone chini ya mfuniko, naye atauliza: "Maji haya yametoka wapi? Na tungeacha sufuria wazi, yangekwenda wapi?" Wakishajibu, na aulize juu ya zebaki. Hapo ndipo neno "mvuke", walilolinakili madaftarini tangu zamani, litakapopata maana nyumbani kwao.

Hapa twatoa onyo lisilo na mjadala. Zebaki yenyewe isiletwe darasani kamwe, hata tone moja, hata kwa kuonyesha tu. Mwanafunzi akija nayo, asiachwe aichezee, wala ikimwagika isifagiliwe, maana ufagio huitawanya katika matone madogo na kuzidisha mvuke. Watoto watolewe nje kwanza, madirisha yafunguliwe, na msaada wa watu wa afya utafutwe.

Matokeo yaliyopikwa

Sharti letu la pili lina uzito kuliko la kwanza. Taarifa ya maabara huwa na lengo, vifaa, njia, matokeo na hitimisho. Wakufunzi wote wanajua kwamba yapo madaftari ambamo matokeo yaliandikwa kabla taa haijawashwa. Mwanachuo huyapata kitabuni, au kwa mwenzake wa mwaka uliopita, akayanakili kwa mwandiko mzuri. Huku ndiko kupika matokeo.

Lawama si ya mwanachuo peke yake. Tukitoa alama kwa jibu sahihi tu, tunamfundisha kupika. Yafaa tutoe alama zaidi kwa taarifa ya kweli iliyokwenda kombo na kuelezwa, kuliko taarifa safi isiyo na jasho.

Mfano ni jaribio la tindikali na besi. Ua jekundu la choya likichemshwa, maji yake hubadilika rangi: katika tindikali huwa mekundu, katika besi huelekea kijani. Tindikali Mkwajuni haina haja ya kuagizwa, kwani jina la mahali penyewe latokana na mkwaju, na tunda lake, ukwaju, lina tindikali ya tartariki. Besi ni magadi ya jikoni, au maji ya majivu yaliyochujwa. Lakini atakayetia majivu machache katika maji mengi huenda asiione kijani hata kidogo. Mpishi wa matokeo ataandika "kijani". Mwanachuo mkweli ataandika kwamba rangi haikufika kijani, kisha ataongeza majivu, arudie, alinganishe. Huyu amefanya sayansi.

Wako watakaouliza kwa nini tusionje tu, maana ukwaju ni chakula. Jibu ni kwamba katika maabara hatuonji kitu chochote, hata tukijuacho. Ulimi si kifaa cha maabara. Mtoto akijifunza hivyo kwa ukwaju, atakumbuka akikutana na chupa isiyo na jina huko mwaloni.

Na ukweli huu wa daftari una kazi nje ya chuo. Kijana wa mwaloni husema, "Nimechoma zebaki miaka mingi, sijaona madhara." Mwalimu aliyezoea kunakili hana la kumjibu ila kurudia alichosoma. Mwalimu aliyezoea kupima atamwuliza: umeangalia nini, kwa nani, kwa muda gani, na umelinganisha na nani?

Vipingamizi

Yasemwa kwamba vyuo havina vifaa, na shule hazina kabisa. Twakubali kwamba ni kweli katika sehemu nyingi, wala hatutaki uhaba huo usifiwe kana kwamba ni neema. Vioo, dawa na miwani ya kukinga macho vidaiwe. Lakini sufuria, choya, ukwaju, magadi na chokaa havingoji bajeti. Gesi inayotoka ukwaju unapokutana na magadi, ikipitishwa katika maji ya chokaa yaliyochujwa, huyafanya kuwa meupe kama maziwa; hiyo ni dioksidi ya kaboni, nayo imegunduliwa bila bidhaa moja ya ng'ambo.

Yasemwa pia kwamba lugha ni kikwazo, kwa kuwa mwalimu alisoma kemia sekondari kwa Kiingereza, naye atafundisha kwa Kiswahili. Kikwazo hiki kipo, lakini si cha kutushinda. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tunashauri kila taarifa ya maabara iandikwe walau mara moja kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne atayaelewa. Asiyeweza kulieleza jaribio lake hivyo, bado hajalielewa.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, mtakapoitwa maabara, msiulize ni swali gani la mtihani litatoka humo. Washeni taa, tazameni, andikeni mlichokiona, na kikiwatatiza rudieni. Iwe ni Mkwajuni, Chunya au Geita mtakakokwenda, kuna mtoto atakayekaa karibu na moto wa zebaki. Anachohitaji ni mwalimu aliyewahi kuuona mvuke ukigeuka matone kwa macho yake mwenyewe.