Bibi Harusi, Usivue Ushungi kwa Ajili ya Trafalgar



Siku hizi fungate imetoka Nungwi na Paje, imepanda ndege. Bibi harusi mwenye uwezo anataka angalau picha moja ya Ulaya, na picha yenyewe ni ya uwanja mkubwa wa katikati ya mji: Trafalgar Square wa London, Place de la Concorde ya Paris, Grand-Place ya Brussels. Hatuna ugomvi na safari. Kama pesa ni ya halali na haikukopwa, nenda na mumeo, mtembee, mcheke, mle. Ugomvi wetu ni na ombi linaloambatana na safari hiyo, na sisi mafundi ndio tunaolisikia kabla hata ya mama mzazi: "Dada, gauni la safari lifupishe kidogo. Na ushungi wake usinishonee, nitavaa kofia tu. Mwenzangu anasema kule tutatazamwa."

Mtatazamwa na nani?

Sisi tunashona Kharumwa, wilaya ya Nyang'hwale, mkoa wa Geita. Ni mbali na bahari, lakini huku kuna dhahabu, na penye dhahabu harusi ni kubwa na nakshi ni nyingi. Mwaka 2023 mteja wetu mmoja alitulipia nauli tukamvishe binti yake aliyekuwa anaolewa London. Tukavuka Busisi na masanduku yetu kwa kivuko hadi Mwanza, na kutoka hapo tukaendelea. Kesho yake baada ya nikahi maharusi walitaka picha Trafalgar, nasi tukaenda nao kushika pindo.

Bibi harusi wetu alivaa gauni la krepu rangi ya maziwa, refu hadi chini, na ushungi wa kitambaa hichohicho ulioshuka hadi kiunoni. Tulikaa uwanjani pale karibu saa tatu. Watu ni wengi mno, na kila mmoja ana lake: watoto wanataka kupanda juu ya simba, watalii wanajipiga picha, wengine wamebeba mabango ya madai yao. Waliomtazama biharusi walimtazama kama watu wanavyomtazama biharusi popote, hata Kharumwa. Bibi mmoja wa Kizungu alitusimamisha, akaomba kugusa mkono wa gauni, akauliza nakshi ile imeshonwa na nani. Tukamwambia ni sisi, kwa cherehani ya kukanyaga. Hakuuliza kuhusu kichwa.

Wala si ajabu. Uwanja huo umezoea wanawake wa Kiislamu. Tangu 2006 ofisi ya Meya wa London imekuwa ikiandaa hapo sherehe ya Idi karibu kila mwaka baada ya Ramadhani, ya wazi kwa kila mtu, na mashungi ya kila namna yanajaa: ya Kisomali, ya Kimalei, ya Kibengali, na ya kwetu pia. Pembeni, namba 58 na 59, kuna Uganda House, ubalozi wa majirani zetu. Mtu anayekuambia kwamba ushungi pale utaonekana kitu cha ajabu hajafika, au alifika akatazama simu yake tu.

Uwanja wenyewe umepewa jina la vita vya baharini vya mwaka 1805. Katikati kuna nguzo ya Nelson, yenye urefu wa karibu mita 52, na chini yake wamelala simba wanne wa shaba waliowekwa mwaka 1867. Mwaka huohuo wa 1867 Bi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliolewa Aden akapelekwa Hamburg. Mengine ya maisha yake tumwachie Mola wake, ila picha yake mashuhuri ya huko Ujerumani amevaa mavazi ya kwao Unguja.

Lakini kilichotushika sisi siku ile hakikuwa nguzo. Kwenye pembe moja ya uwanja kuna jukwaa la mawe ambalo lilikaa bila sanamu kwa zaidi ya miaka 150, na sasa huwekwa kazi za wasanii kwa zamu. Kuanzia Septemba 2022 hadi Septemba 2024 ilisimama hapo sanamu ya John Chilembwe, mchungaji wa Kikristo wa Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo, ng'ambo ya ziwa letu. Aliichonga Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi, akiifuata picha iliyopigwa mwaka 1914. Chilembwe amevaa kofia. Enzi hizo Mwafrika alitakiwa avue kofia mbele ya mzungu, naye amesimama nayo kichwani kando ya mzungu rafiki yake. Mwaka uliofuata aliongoza uasi dhidi ya Waingereza na akauawa. Kambalu amemfanya Chilembwe mkubwa, mita tano, na mzungu yule mdogo ubavuni mwake.

Hatusemi kofia ya mchungaji ni hijabu. Ile ni yake na hii ni ibada yetu. Lakini tulisimama chini ya sanamu ile na bibi harusi wetu mwenye ushungi hadi kiunoni, tukamkumbuka yule mteja mwingine anayetaka kuvua wake bila hata kuamriwa na mtu.

Tuseme na upande wa pili, maana hatutaki kudanganyana. Wako dada zetu waliotukanwa kwenye mabasi ya Ulaya kwa sababu ya mtandio. Na sheria hazifanani. Ufaransa tangu Aprili 2011 hairuhusu kufunika uso mahali pa wazi, faini yake hufika euro 150. Ubelgiji ikafuata mwaka huohuo, Austria 2017, Denmark 2018. Hivyo anayevaa nikabu afikirie mapema nchi ya kwenda. Ila ushungi unaoacha uso wazi unaruhusiwa viwanjani Paris na Brussels, na Uingereza haijazuia hata nikabu mitaani. Usikubali mtu akuchanganyie mambo haya mawili ili akuvue lile ambalo halijakatazwa.

Na tunavyoona sisi, mara nyingi hofu ya "kutazamwa" haihusu Wazungu kabisa. Watazamaji wako Kahama, wako Michenzani, ni marafiki wa bwana harusi watakaofungua simu waone picha. Anataka waseme mkewe wa kisasa. Mambo hayo huzungumzwa kabla ya akdi, kwa upole, mbele ya mtu mzima ikibidi. Ukiyaacha hadi uwanja wa ndege, utayaamua huku umechoka na yeye ameshika pasipoti.

Sasa ya kifundi. Trafalgar kuna upepo. Shifoni itakupanda usoni kila picha. Vaa krepu yenye uzito kidogo, kofia ya ndani ya pamba, na pini nne, mbili zikiwa nyuma ya masikio. Pindo liishie kwenye kifundo cha mguu, maana ngazi ni nyingi na mvua haina msimu. Ndani vaa suruali ya kubana. Mpiga picha wa kulipwa anahitaji kibali kabla. Simu ya wifi haihitaji. Njiwa usiwalishe, imekatazwa. National Gallery iliyo upande wa kaskazini haina kiingilio, na vyoo vipo. Kwa swala, msikiti mkuu wa Regent's Park hauko mbali: treni ya Bakerloo kutoka Charing Cross, kituo cha nne ni Baker Street, kisha mnatembea.

Na yale mabwawa mawili yenye maji yanayoruka juu, upepo ukiyapiga hunyunyizia watu, na hariri ikilowa inabaki na alama. Simameni upande upepo unakotoka. Mpiga picha ndiye alowe.