Maji ya Kuogea: Tutie Nini?

Mama msomaji, wiki hii natuzungumzie beseni la kuogea, kwani wengi wetu hupenda kutia kitu majini.

Chumvi ya jikoni haina madhara ikiwa kidogo, lakini ikizidi hukausha ngozi na kuwasha vidonda. Dawa ya kuua vijidudu sharti ipimwe kwa kifuniko, kama chupa inavyoelekeza. Ikiwa kali huunguza. Majani ya mwarobaini huchemshwa, yakachujwa na kupozwa. Mafuta yake, hata hivyo, mtoto mchanga asinyweshwe, maana ni sumu kwake. Mtoto huyo atoshewe na maji ya uvuguvugu tu.

Kwa jamaa za wachimbaji wa Tiira liko jambo kubwa zaidi. Dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha huchomwa, na mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi. Hakuna chumvi, jani wala dawa ya kuogea iwezayo kuitoa humo. Basi baba aoge kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto, nguo zake zifuliwe peke yake, na karai lililoshika zebaki lisiogeshewe mtoto kamwe, hata likisuguliwa likang'aa.

Jihadharini pia na sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina zebaki, na Mkataba wa Minamata wa 2013 umezikataza. Mwaweza kujikuta mkiinunua dukani sumu ile ile mliyoikimbia mgodini.

Maji safi na sabuni ya kawaida yatosha.